Kitabu Kinaponyamaza

Mwezi huu tunaomba radhi kwa kuyaweka kando mambo makubwa na kuandika juu ya mchezo wa watoto. Tulipoanza kuutazama tuliuona upuuzi. Leo tunakiri kwamba ndani yake mna suala ambalo sisi watu wazima tumelihangaikia umri wetu wote: sheria ikinyamaza, mwenye kuamua afanye nini?

Habari ilianza mwaka 2023, mwaka ambao mgao wa umeme hapa Afrika ya Kusini ulizidi miaka yote iliyotangulia. Jioni kwa jioni Mayfair ilikuwa giza, televisheni zimezimika na simu zimekwisha chaji. Mjukuu wetu, wakati huo ana miaka 15, aliazima kitabu kwa mwanafunzi mwenzake, akakusanya vijana watano kwenye meza yetu ya kulia, akawasha taa ya betri na kuanza kusimulia. Mgao ulipopungua mwaka 2024, meza ile haikuvunjika.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kila mchezaji hujichagulia mhusika: mwindaji, mganga, mwizi aliyetubu. Mmoja wao hachukui upande wowote. Yeye ndiye msimulizi, na papo hapo ndiye mwamuzi. Husema, "Mmefika penye mto uliofurika, mtafanyaje?" Wenzake hueleza watakalofanya. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu yenye pande 20, huongezwa namba ya ustadi wa mhusika, na jumla hulinganishwa na namba aliyoitaja msimulizi: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa lililo gumu. Kitabu kina kurasa nyingi, lakini akili ya mtoto wa miaka 13 ina vichochoro vingi zaidi. Humo ndimo msimulizi anamolazimika kuamua kwa kichwa chake.

Wapo wazazi waliotuuliza kuhusu dadu, na wana haki ya kuuliza, kwani hadithi ya nardashiri iliyopokewa na Muslim inajulikana, na wanachuoni wengi wameikataza michezo ya dadu hata pasipo kamari. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Mwenye shaka amwendee shekhe wake. Vijana wenyewe, kwa kuheshimu nyumba, waliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, wakavitia ndani ya kofia yetu ya zamani, na tangu siku hiyo hawarushi, huchota.

Suala la mwamuzi ni kongwe kuliko mchezo huu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwasilisha kwa wakuu wa jeshi mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu, majedwali ya hesabu na mwamuzi wa kuyasimamia. Majedwali yalikuwa mazito mno. Mwaka 1876 afisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, aliyatupilia mbali na kumwachia mwamuzi mzoefu aamue kwa ujuzi wake. Tangu hapo ubishi haujaisha: je, tumwamini mtu au tuyaamini maandishi?

Nasi hatukuhitaji kwenda Prussia. Nani kati yetu hakucheza chandimu kwa magoli ya mawe? Mpira ukipita juu ya jiwe, ni goli au si goli? Mlingoti wa juu haupo, kwa hiyo hupimwa urefu wa kipa, na kipa mfupi huwa ndiye kipa bora mtaani. Na barazani kwetu Unguja, penye bao lenye mashimo 32 na kete 64, tumewasikia wazee waliocheza miaka 40 wakiigombea sheria ya takasia kana kwamba imeshuka jana. Hapakuwa na refa pale. Waliokaa pembeni walisema, na mchezaji aliyetaka kurudi kesho kubarizi aliwasikiliza.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Katika masimulizi ya mjukuu wetu ulikuwapo mji wenye lango, na walinzi wake wanadai hati. Kijana mmoja, rafiki yake wa darasani, alifika langoni bila hati, akasema anamtania mlinzi. Utani ulikuwa mzuri, meza nzima ikacheka, msimulizi akampitisha bila kuchota. Baada ya wiki mbili akafika mganga, mhusika wa kijana mdogo ambaye wazazi wake ni watu wa Bukavu. Mkoba wake ulikuwa umechukuliwa na mto, na hati ilikuwa ndani yake. Kijana akasema, "Namsalimia mlinzi kwa lugha ya kwao. Namwambia mama yangu ni mgonjwa humo ndani, na dawa yake hii hapa mkononi."

"Chota," akasema msimulizi. "Unahitaji 20."

Akachota 11, akaongeza 4 ya ustadi wake, ikawa 15. Lango likafungwa na mganga akatiwa kizuizini. Kijana akauliza kwa nini yule mwingine alipita bila kuchota. Akajibiwa, "Mimi ndiye msimulizi." Akasimama, akasema maneno mawili tu, "Hata hapa?" akachukua koti lake na kuondoka.

Sisi tulikuwa jikoni na tuliyasikia. Tunajua, kama wanavyojua wengi wa wasomaji wetu, kwamba kijana huyo ndiye anayefuatana na mama yake alfajiri kwenye foleni ya kuhuisha vibali, kwa kuwa Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha mama. Jumamosi ya pili hakuja.

Mjukuu wetu alitujia. "Babu, kitabu kinasema neno la mwisho ni langu." Tukamjibu kwamba ni kweli, lakini kitabu hakikumpa ruhusa ya kulisahau neno lake la juzi. Mtu mwenye lugha, sababu na dawa mkononi amewekewa 20, ilhali mwenye mzaha hakuwekewa kitu. Aidha, yule mdogo hakuambiwa kabla ya kuchota kwamba akishindwa atafungwa. Lau angejua, pengine angengoja usiku au angetafuta njia nyingine. Bei hutajwa kabla ya mnunuzi kutoa fedha.

Alijitetea kwamba alitaka mchezo usisimame. Hilo tulimkubalia, msimulizi anayefungua kurasa nusu saa kutafuta kanuni huwachosha wote, na ni heri aamue upesi. Na kwa haki tulimweleza yetu wenyewe. Tukiwa walimu vijana tuliwahi kusahihisha insha mbili zilizokaribiana sana kwa ubora, moja asubuhi, nyingine usiku wa manane tukiwa tumechoka, na tofauti ikawa alama 14. Mwanafunzi alizileta zote mbili mezani petu mbele ya darasa. Tulipandisha alama, lakini hatujausahau uso wake.

Tulitofautiana juu ya dawa. Sisi tulishauri aanze upya, lango lihesabiwe halijafungwa. Yeye akakataa: wenzake wanne walikwisha kuendelea na safari, wamepigana na kupata hasara, na hayo yote yangefutika kwa kosa lake. Akataka kosa liingie ndani ya hadithi: mkuu wa walinzi apate habari kwamba mlinzi alikosea, afungue mlango kwa mkono wake na kuomba radhi. Tuliona ni ujanja wa kukwepa. Baadaye tulibaini kwamba rai yake ilikuwa bora kuliko yetu.

Tulipanda naye teksi hadi Yeoville. Mjukuu wetu aliomba radhi mlangoni, mbele ya mama wa kijana, ambaye hakuelewa habari ya lango wala mganga lakini alielewa vizuri mtoto wa watu aliyeinamisha kichwa, akatukaribisha chai. Kijana hakusema kitu siku ile. Jumamosi iliyofuata alikuja, amechelewa, na daftari kwapani.

Daftari hilo sasa ni mali ya meza. Kila uamuzi usiomo kitabuni huandikwa humo, na mwandishi ni yeye. Wa kwanza unasomeka hivi: langoni, mwenye sababu na ushahidi, 10, mwenye mzaha, 15. Wiki iliyopita msimulizi alitaka kuubadili. Wakabishana mpaka adhana ya Magharibi, na uamuzi haukubadilika.

Wazazi wanaotaka kuleta watoto wao wanakaribishwa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Chai ipo. Maandazi mje nayo.