Hasira ya Wapiga Kura Uingereza

Julai 2024, chama cha Reform UK kilipata asilimia 14 ya kura lakini viti 5 tu bungeni, kwani kila jimbo humpa kiti anayeongoza, hata asipofikisha nusu. Labour, kwa asilimia 34 hivi, ilizoa viti zaidi ya 400. Mwaka 2025 kura za maoni ziliiweka Reform mbele ya vyama vikongwe. Watu wanalalamikia gharama za maisha, foleni za hospitali, wahamiaji. Kuwaita wote wabaguzi si haki. Hayati Papa Fransisko, katika waraka Fratelli Tutti (2020), alitofautisha kiongozi anayewatumikia watu na anayewatumia kwa manufaa yake mwenyewe. Parokiani London, mhamiaji na mpiga kura huyo waweza kuketi benchi moja.