Msuluhishi hazaliwi, hufundishwa

Tuchukue mfano wa majirani wawili katika mtaa wowote wa Dar es Salaam. Wa kwanza amejenga ukuta. Masika yameingia, na maji yaliyokuwa yakipita hapo tangu zamani yamekosa njia, yakaingia sebuleni kwa jirani wa pili. Huyu wa pili anataka ukuta ubomolewe. Wa kwanza anasema halitoki hata tofali moja. Salamu zimekatika, watoto wamekatazwa kucheza pamoja, na shauri limefika baraza la kata.

Pale barazani yupo mzee mmoja mwenye heshima zake. Anasikiliza kwa robo saa, anakohoa kidogo, kisha anatoa nasaha: "Ninyi ni majirani, na jirani ni ndugu. Wewe bomoa nusu, na wewe mwenzake vumilia nusu. Yaishe." Wote wawili wanaitikia kwa heshima ya mzee, wanapeana mikono, wanakwenda zao. Mvua inayofuata wanarudi pale pale, safari hii wakiwa na matusi. Nusu ya ukuta haizuii mwizi, na nusu ya maji inatosha kulowesha godoro.

Mtu aliyefundishwa kazi ya usuluhishi angefanya jambo jingine. Angemuuliza kila mmoja, kwa zamu yake, swali dogo tu: "Kwa nini?" Kwa nini unautaka ukuta? Kumbe bwana huyu ameibiwa mara mbili na usiku halali. Kwa nini unataka ubomolewe? Kumbe mwenzake hana ugomvi na ukuta, ana ugomvi na maji. Hapo ndipo mlango unapofunguka. Ukuta unabaki, chini yake linaachwa tundu lenye nondo, mfereji unachimbwa hadi kwenye mtaro wa barabara, na gharama wanagawana.

Juma hili nataka tuwazungumzie watu ambao kazi yao ni kufundisha swali hilo. Ni wakufunzi wa usuluhishi, majadiliano na utatuzi wa migogoro. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni kazi ya kubuni, ya kula posho za semina. Wapo pia wanaosema kwamba sisi Waafrika tumekuwa na wazee wetu tangu zamani, hatuhitaji kufundishwa kupatana. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, na nitazirudia. Lakini kwanza tuone kwa nini jambo hili linamgusa mwananchi wa kawaida.

Kwa miaka mingi baraza la kata nchini Tanzania lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri madogo ya ardhi. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria. Uwezo wa kuamua ukaondolewa, kazi iliyobaki ikawa kusuluhisha. Tena sheria inasema kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza mgogoro wa ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika, au siku 30 zipite bila suluhu. Baraza hilo lina wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, na watatu kati yao ni wanawake. Ni watu wa mtaani kwetu, mama lishe, mwalimu mstaafu, fundi cherehani.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mjumbe alilala akiwa mwamuzi, akaamka akiwa msuluhishi. Na kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Mwamuzi hutazama nyuma na kuuliza nani alikosa. Msuluhishi hutazama mbele na kuuliza kesho mtaishije. Mwamuzi ana rungu la sheria mkononi. Msuluhishi hana rungu, ana masikio yake na maswali yake tu. Ukimwondolea mtu rungu bila kumfundisha kutumia masikio, umemwacha mikono mitupu.

Wala jambo hili haliishii kwenye viwanja. Mahakama zetu zimekuwa zikipeleka mashauri ya madai kwenye usuluhishi tangu mwaka 1994. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi naye hupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huko msuluhishi ana siku 30 za kuwaleta pamoja mwajiri na mwajiriwa kabla shauri halijaenda kwenye uamuzi. Katika siku hizo, riziki ya mtu imo mikononi mwa msuluhishi. Je, anaijua kazi yake?

Sasa tuingie darasani. Mkufunzi mzuri wa fani hii hasimami mbele kuhubiri amani. Amani kila mtu anaipenda, haihitaji semina. Yeye hupanga viti kwa duara, huwagawa wanafunzi wawili wawili, huwapa ugomvi wa kuigiza. Wewe ni mwenye nyumba, wewe ni mpangaji wa miezi minne hajalipa. Haya, gombaneni. Baada ya nusu saa anawabadilisha viti, na mwenye nyumba anakuwa mpangaji. Watu wengi hucheka mwanzoni, kisha hunyamaza, kwa sababu ndani ya kiti cha mwenzako hoja zako mwenyewe husikika kwa namna nyingine.

Jambo la kwanza analofundisha ni kutenganisha msimamo na haja. Msimamo ni kile mtu anachokisema: "Bomoa!" Haja ni kile kinachomnyima usingizi: maji sebuleni. Wamarekani wawili, Roger Fisher na William Ury, walilieneza somo hilo duniani kwa kitabu chao cha mwaka 1981, lakini mama yeyote aliyewahi kuamua ugomvi wa watoto juu ya chungwa moja analijua. Huenda mmoja alitaka kulila, na mwenzake alitaka maganda tu achezee.

La pili ni kusikiliza, na hapa nina ushahidi wa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye mafunzo ya namna hii kama mwandishi wa habari, nikashawishiwa kushiriki zoezi. Kanuni ilikuwa moja: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema kwa maneno yako, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umemwelewa. Nikajiona nimefika, maana mimi mtangazaji, kusikiliza ndiyo kazi inayonilisha. Nilishindwa mara tatu mfululizo. Mama mmoja tuliyeoanishwa naye alinitazama kwa upole akasema, "Hapana baba, sikusema hivyo." Wakati yeye anaongea, mimi nilikuwa natunga swali langu linalofuata. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza kitu juu ya miaka yangu yote ya kushika maikrofoni.

La tatu ni kuzungumza na kila upande faraghani, na siri ya huku isivuke kwenda kule bila idhini. La nne ni kuandika makubaliano kwa lugha nyepesi: nani atafanya nini, lini, kwa fedha ya nani. "Tumekubaliana kuishi kwa amani" si makubaliano, hiyo ni dua. "Juma atachimba mfereji kabla ya tarehe 15 na Ali atanunua saruji mifuko mitatu," hayo ndiyo makubaliano.

La tano ndilo zito kuliko yote: kujua lini usisuluhishe. Mtoto akibakwa, hakuna cha kupatanisha familia mbili kwa mbuzi na bahasha. Hiyo ni jinai, mahali pake ni polisi na mahakamani. Mke anayepigwa, akiketishwa kiti kimoja na anayempiga, hatasema ukweli, atasema kile kitakachomsaidia kufika asubuhi. Mkufunzi asiyefundisha mpaka huu anazalisha watu wa kuficha maovu kwa jina la suluhu.

Sasa nirudie ile hoja ya kwamba fani hii si ya kwetu. Nawapeleka Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame ulikuwa mkali na koo zilikuwa zikiuana. Hata sokoni uhasama uliingia, mtu wa ukoo huu hanunui kwa mtu wa ukoo ule. Wanawake wachache wakaanzia hapo hapo sokoni. Wakaunda kamati ya kuhakikisha kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, anauza na kununua bila kubughudhiwa. Soko lilipotulia wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakatoa tamko la kusitisha mapigano. Kisha wakaingizwa vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali, na pakawa na kikosi cha kukimbilia mahali kila lilipotokea tukio kabla halijawa vita.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Baadaye akawa mkufunzi, akawafundisha watu wa mataifa mengine, hadi Birmingham huko Uingereza, yale yaliyofanyika kwao. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, na mwaka 2011 akafariki dunia kutokana na ajali ya gari. Basi tusiseme kwamba usuluhishi ni bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Wakati mwingine mwalimu ametoka kwetu, akawafundisha wao. Lakini Dekha naye alijifunza, akapanga alichokijua hadi kikafundishika. Busara ya wazee ambayo haifundishwi huzikwa na wazee.

Mfano wa pili ni wa Burundi. Mnakumbuka mazungumzo ya Arusha, yaliyoongozwa na Mwalimu Julius Nyerere mpaka alipofariki mwezi Oktoba 1999, kisha na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Howard Wolpe, Mmarekani aliyekuwa mjumbe maalumu wa nchi yake katika eneo la Maziwa Makuu, aliyafuatilia mazungumzo hayo. Aliona kwamba viongozi wametia saini karatasi, lakini bado hawaaminiani. Mwaka 2003 akaanza mafunzo ya viongozi wa Burundi katika mji wa Ngozi. Waliitwa kiasi cha watu 95, Wahutu, Watutsi na Watwa, wanasiasa, wanajeshi, watu wa waasi, watu wa dini na wa vyama vya kiraia.

Hawakuanza na hotuba. Walicheza mchezo wa kuigiza nchi ya kubuni, ambayo mkoa mmoja una chakula na ajira na mkoa mwingine hauna kitu. Katika mchezo huo mwenye shibe hujisahau upesi, na mwenye njaa huanza kupanga fujo, bila kujali kabila aliloingia nalo mlangoni. Baadaye wakuu wa jeshi na wa waasi, waliokuwa wakiwindana porini, nao wakaomba mafunzo hayo hayo, maana walitakiwa kuunda jeshi moja.

Je, mafunzo yaliiponya Burundi? La hasha. Mwaka 2015 nchi hiyo iliingia tena katika machafuko, rais alipogombea muhula wa tatu. Mkufunzi hawezi kuziba pengo la uongozi, wala semina haigawi mashamba. Anachoweza ni kuwapa watu njia nyingine ya kugombana, isiyo ya panga. Waitumie au wasiitumie, hiyo ni juu yao.

Na ile hoja ya posho? Ni kweli, wapo wakufunzi wa siku moja, chai na sambusa asubuhi, cheti na picha ya pamoja jioni. Watu hawajifunzi kuogelea kwa kusomewa habari za bahari. Mkufunzi wa kweli utamjua kwa mambo matatu: anawafanyisha mazoezi kuliko anavyoongea, anatumia migogoro ya mahali hapo badala ya mifano ya kitabuni, na anarudi baada ya miezi michache kuuliza yale mliyojifunza yamewafikisha wapi.

Ndugu wasikilizaji, serikali imetuambia tusuluhishane kabla ya kushtakiana, na ni jambo jema, kwani kesi ni ndefu na wakili ni ghali. Lakini sheria ikishampa mtu kazi, lazima impe na ujuzi wa kuifanya. Utakapokutana na mtendaji wa kata yako, muulize kwa adabu: wajumbe wetu wa baraza wamefundishwa lini, na nani, kwa siku ngapi? Si swali la ukorofi. Siku moja utasimama mbele yao wewe mwenyewe, nyumba yako ikiwa imejaa maji, na utataka awepo mtu wa kukuuliza kwa nini.