Maji yaligoma kwenye 87

Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza, siku tulipoambiwa tutafute densiti ya chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya mawe, imenunuliwa Mwaloni Kirumba, ileile wanayotumia watengeneza kayabo kumkolezea sangara kabla ya kumwanika na kumsafirisha Kongo. Tuliitwanga kwenye kinu cha maabara, tukapima gramu 20. Tukatia maji ya ziwa mililita 80 kwenye silinda ya kupimia, tukamimina chumvi, tukakoroga mpaka ikapotea yote.

Maji yalipanda hadi 87. Yakagoma hapo.

Ishirini kugawanya kwa saba ni karibu 2.9. Kitabu kilisema 2.16. Ili tupate jibu la kitabu, maji yalitakiwa yafike 89 na ushee. Tukatazamana, mmoja wetu akashika ufutio, na 87 ikageuka 89. Tulipika data, kama wanafunzi wanavyosema mpaka leo, na daftari likarudi na alama zote.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba silinda ile ilisema kweli. Chumvi ikiyeyuka haibaki punje. Inaachana na kuwa chembe zenye chaji ya umeme, na kila chembe inayavuta maji yaliyo jirani nayo, yanabanana kuliko yalivyokuwa mwanzo. Maji yenyewe yanachukua nafasi ndogo zaidi. Zile mililita mbili zilizokosekana ndizo zilikuwa habari ya siku ile, na sisi tuliifuta kwa mkono wetu.

Anayetaka densiti ya punje yenyewe anaweza kutumia mafuta ya taa, kwa kuwa hayayeyushi chumvi. Gramu 10 zitayapandisha mililita 4.6, gramu 20 zitayapandisha 9.2, gramu 30 kama 13.9 na gramu 40 kama 18.5. Hizo ni hesabu za karatasini. Silinda ya shule haisomeki kwa wembamba huo, kwa hiyo nukta zako zitayumba, moja juu, nyingine chini. Ndipo karatasi ya grafu inapofanya kazi yake. Weka tungamo kwenye mhimili wa wima na ujazo kwenye ule wa mlalo, kisha pitisha rula katikati ya nukta. Mteremko wa mstari huo ndio densiti. Kipimo kimoja kikikosewa hakina shahidi. Vinne vikikaa pamoja vinashuhudiana.

Kuna jambo jingine ambalo sikufundishwa, nami nalithamini kuliko mteremko wenyewe. Tuseme umesahau kutoa uzito wa kisahani cha gramu 5 kilichobeba chumvi. Mteremko haubadiliki hata kidogo. Mstari wote unanyanyuka, unaukata mhimili wa wima kwenye 5 badala ya sifuri. Grafu imekutajia kosa lako na ukubwa wake.

Sasa twende sokoni. Chukua mizani ya kuning'iniza ambayo mshale wake, kabla hujaweka kitu, umekwishasimama kwenye gramu 200. Mama lishe anayenunua kilo moja ya kayabo anaondoka na gramu 800, amepunjwa sehemu ya tano. Mnunuzi wa kilo 100 amepoteza gramu zilezile 200, wala hazisikii. Mizani ya pili springi yake imelegea, inazidisha moja ya kumi kwa kila uzito. Hiyo inawaumiza wote kwa uwiano mmoja. Aliyesimama mbele ya mizani na samaki mmoja mkononi hana njia ya kuzitofautisha. Grafu inazitofautisha, na jiwe la kupimia tunalo kila siku machoni petu: ziwa. Maji yake ni baridi, si ya chumvi, hivyo lita moja ina kilo moja kasoro gramu chache. (Pwani, lita ya maji ya bahari ingefika kama gramu 1,025.) Chukua dumu ambalo uzito wake likiwa tupu unaujua kutoka kwenye mizani ya kuaminika, pima lita 1, 2, 3, mpaka 5, uchore. Mizani ya kwanza itaupandisha mstari wote bila kuugeuza. Ya pili itauinua mteremko. Wakala wa Vipimo wana mawe yao rasmi, na kukagua mizani ni kazi yao, lakini natamani kila mtoto wa kidato cha pili katika mkoa huu achore mistari hiyo miwili walau mara moja.

Nikifikiria ule ufutio, namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopozwa, na mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, naye Mpemba akalipeleka swali lake kwa Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi alirudi na jibu kwamba ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Osborne na Mpemba waliandika pamoja makala iliyotoka mwaka 1969, na wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo.

Juzi nimerudia jaribio letu jikoni, na binti yangu ndiye aliyekuwa anasoma silinda. Gramu 20: 87. Nikamwambia aendelee kuongeza. Karibu na gramu 29 maji yakashiba, chumvi ikaanza kulala chini na kukataa kuyeyuka. Kwenye gramu 30 alisoma 91. Kwenye 40, kati ya 95 na 96. Alipounganisha nukta, mstari ulipinda pale maji yaliposhiba, ukaendelea kwa mteremko mpole zaidi. Akaupima. Ilikuwa 2.1 na kidogo, ile namba ya kitabu, ndani ya silinda ileile, gramu chache mbele ya pale tulipoacha kukoroga.