Mchezaji kwa mchezaji: Biashara ya baridi inayowakesha mashabiki wa besiboli Marekani

Fainali za besiboli nchini Marekani humalizika mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba. Viwanja hufungwa, theluji huanza kushuka Boston na Chicago, na hadi Machi inapoelekea ukingoni hakuna mechi ya ligi inayochezwa. Mtu angetarajia mashabiki nao wapumzike. Kumbe ndipo kelele zinapoanza. Kwa zaidi ya karne moja Wamarekani wameyaita mazungumzo hayo ya baridi "ligi ya jiko la moto", kwa kumbukumbu ya wanaume waliokuwa wakizunguka jiko la kuni dukani na kubishana nani atolewe, nani aletwe na nani kapunjwa.

Leo jiko limehamia redioni, kwenye baa na kwenye simu za mkononi. Swali ni lile lile: klabu yetu itoe nani ili impate nani?

Aliyezoea dirisha la usajili la soka atashangazwa na jambo moja. Kwenye soka klabu inayonunua hulipa ada, mchezaji anakubali, anasaini, biashara imekwisha. Kwenye besiboli ya Marekani biashara kubwa ni ya mali kwa mali. Klabu moja inatoa mchezaji mmoja, wawili au watano, nyingine inatoa wake, na kwa kawaida wenyewe hawaulizwi. Mkataba unahama pamoja na mtu, mshahara wake na miaka yake iliyobaki, kama lori linaloondoka na shehena pamoja na deni la shehena hiyo.

Fedha huweza kuongezwa juu, lakini kumuuza nyota kwa fedha tupu ni kujitafutia kesi. Mwaka 1976 mmiliki wa klabu ya Oakland, Charlie Finley, alijaribu kumuuza Vida Blue kwa New York Yankees kwa dola milioni 1.5, na Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston Red Sox kwa dola milioni 1 kila mmoja. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, aliyafuta mauzo hayo kwa maelezo kwamba yanaumiza mchezo. Kwa hiyo anayetamani nyota wa jirani lazima akubali kutoa watu.

Watu hao mara nyingi hutoka "shambani". Ndivyo Wamarekani wanavyouita mfumo wa timu ndogo zilizo chini ya kila klabu, ambamo vijana hupanda ngazi moja baada ya nyingine wakisubiri kuitwa ligi kuu. Ligi hiyo ina klabu 30, na kila moja ina shamba lake. Mashabiki wanawajua vijana hao kwa majina kabla hata hawajakanyaga uwanja mkubwa, na hapo ndipo ubishi unapochacha. Wako wanaosema nyota wa leo hawezi kulinganishwa na ahadi ya kesho. Wengine wanasema anayekula mbegu asilie msimu wa mavuno ukifika.

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani atautambua ugonjwa unaowasumbua wote hao. Kila mtu huiona mali yake kuwa ya daraja la kwanza na ya mwenzake kuwa imeingia unyevu. Shabiki wa kawaida wa besiboli akipanga mabadilishano, hutoa warushaji wawili wenye mabega mabovu na kijana asiyejulikana, kisha anataka apewe mpigaji bora wa ligi. Akikataliwa, anasema upande wa pili hawajui biashara.

Wakati mwingine ni wenyewe wanaolipwa mishahara mikubwa wasioijua. Desemba 1965 klabu ya Cincinnati ilimtoa Frank Robinson, aliyekuwa na umri wa miaka 30, kwenda Baltimore, ikapokea wachezaji watatu, mkubwa wao mrushaji Milt Pappas. Kiongozi wa Cincinnati, Bill DeWitt, alijitetea kwamba Robinson alikuwa amechakaa kuliko umri wake. Msimu uliofuata "mzee" huyo aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mipira iliyotoka nje ya uwanja na kwa mikimbio aliyoiletea timu. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na Baltimore wakatwaa ubingwa. Ni miaka mingi sasa, lakini mtaje DeWitt mbele ya shabiki mzee wa Cincinnati uone.

Kwa kizazi cha sasa, jeraha linalouma zaidi ni la Boston. Mookie Betts alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, mwaka ambao Boston walitwaa ubingwa. Alikuwa amebakiza msimu mmoja tu kwenye mkataba. Nayo klabu ilikuwa imevuka kiwango cha mishahara mwaka 2018 na 2019, na kiwango hicho kikivukwa mfululizo kodi ya ligi inapanda. Februari 2020 Betts akapelekwa Los Angeles Dodgers pamoja na mrushaji David Price, ambaye alikuwa anadai mshahara wa dola milioni 96 kwa miaka iliyobaki. Boston walikubali kubeba nusu ya deni hilo. Walipokea vijana watatu: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong.

Hesabu zimekwisha kuonekana. Betts alisaini Los Angeles mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 365, na Dodgers wakawa mabingwa mwaka 2020, 2024 na 2025. Downs aliichezea Boston mechi 14 tu, kisha akaachwa. Verdugo alibadilishwa tena Desemba 2023, safari hii kwenda kwa wapinzani wakubwa wa Boston, Yankees. Aliyedumu zaidi ni Wong, mdakaji, lakini si Betts. Mashabiki wanaoitetea klabu husema angeondoka bure mwaka mmoja baadaye. Wenzao wanauliza kwa nini klabu tajiri kiasi kile ilishindwa kumlipa, na kwa kweli swali hilo halijapata jibu la kuridhisha.

Ndani ya biashara hiyo kuna kipande ambacho wasomaji waliowahi kulala mpakani wakingoja mzigo ukaguliwe watakielewa haraka. Mpango wa kwanza ulihusisha klabu tatu, na kijana mrushaji Brusdar Graterol wa Minnesota alikuwa aende Boston. Kisha madaktari wa Boston wakasoma faili lake la afya, hawakupendezwa, na mpango mzima ukavunjika baada ya kila shabiki kuwa ameshatangaziwa. Ikabidi waanze upya, na Graterol akaishia Los Angeles kwa mpango mwingine. Hakuna klabu inayokubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Faili la afya ndilo gunia likifunguliwa.

Hasara ya Boston haina ubishi mkubwa. Ubishi mtamu zaidi ni wa Juan Soto. Agosti 2022 Washington walimtoa akiwa na miaka 23, miaka mitatu tu baada ya kuwasaidia kutwaa ubingwa wa 2019. San Diego walitoa wachezaji sita kumpata yeye na Josh Bell. Watatu kati ya sita hao, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, wamekwisha kuitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kwa bei ya sokoni, Washington walipata faida. Ila tangu biashara hiyo hadi msimu wa 2025 hawakumaliza hata msimu mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Duka limejaa mali nzuri, mauzo hakuna.

San Diego nao hawakukaa na Soto. Desemba 2023 walimpeleka Yankees pamoja na Trent Grisham, wakapokea wachezaji watano. Mmoja wao, Michael King, akawa mrushaji tegemeo. Mwingine, Drew Thorpe, hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu akiwa na San Diego: Machi 2024 walimtumia yeye na wenzake kumpata Dylan Cease kutoka Chicago, naye Cease Julai mwaka huo huo akamaliza mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja salama. Yankees walikuwa na Soto msimu mmoja, wakafika fainali wakafungwa na Dodgers, kisha Soto akawa huru na kwenda kwa majirani zao, Mets, kwa dola milioni 765 za miaka 15. Je, walinunua au walikodi? Mashabiki wa New York hawajaafikiana hadi leo.

Kuna pia biashara ya mali kauli. Klabu ikichukua mchezaji bila kujua itatoa nani, mkataba huandikwa kwamba italipa kwa "mchezaji atakayetajwa baadaye". Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Harry Chiti, mdakaji ambaye Mets walimchukua kutoka Cleveland mwaka 1962 kwa masharti hayo. Baada ya mechi 15 Mets waliona hawafai, na muda wa kulipa ulipofika wakamrudisha Cleveland yeye mwenyewe. Chiti akawa amebadilishwa kwa Chiti.

Watu hucheka kisa hicho, na ni halali wacheke. Cha John Odom hakichekeshi. Mwaka 2008 mrushaji huyo Mmarekani alisajiliwa na klabu ndogo ya Calgary, nchini Kanada, lakini kosa la ujanani lilimfanya azuiwe kuvuka mpaka. Klabu, ikiwa na mchezaji isiyeweza kumwingiza nchini, ilimbadilisha kwa klabu ya Laredo, Texas. Malipo yalikuwa magongo kumi ya kupigia mpira, yenye thamani ya dola mia kadhaa. Habari ilizunguka dunia kama kichekesho, na viwanjani watazamaji wakawa wanamzomea. Aliacha kucheza baada ya wiki chache. Novemba mwaka huo huo alifariki dunia kwa dawa za kulevya. Haiwezekani kusema magongo ndiyo yaliyomuua, lakini ubishi wa nani kapata faida ulikuwa umefanyika mbele yake.

Ndiyo maana jina la Curt Flood lina uzito kuliko la mchezaji yeyote aliyebadilishwa. Alikuwa ameichezea St. Louis misimu 12 alipoarifiwa Oktoba 1969 kwamba amepelekwa Philadelphia. Alikataa. Alimwandikia kamishna kwamba baada ya miaka yote hiyo haoni kuwa yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa, akafungua kesi, akakosa msimu mzima wa 1970. Mahakama Kuu ya Marekani ilimwangusha mwaka 1972 kwa majaji watano dhidi ya watatu. Mwaka uliofuata wachezaji walipata walau sehemu ya alichokipigania: mwenye miaka kumi ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa kwenye klabu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Ron Santo wa Chicago alikuwa wa kwanza kuitumia haki hiyo, Desemba 1973.

Wengine huiandika kwenye mkataba. Katika biashara ya Soto ya 2022, San Diego walitaka Eric Hosmer awe sehemu ya malipo. Mkataba wake ulimruhusu kuikataa Washington, naye akaikataa. Ikabidi jina lingine lichukue nafasi yake.

Soko hili limekwisha kuigusa Afrika. Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini aliyelelewa kwenye klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, aliingia uwanjani kuichezea Pittsburgh Aprili 2017. Alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kufika ligi kuu, na mara ya kwanza kushika gongo alipata pigo salama. Novemba ya mwaka huo alikuwa ameshapelekwa Toronto, kwa mchezaji atakayetajwa baadaye au fedha taslimu.

Karibu na kwetu ni Uganda. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilishinda nafasi ya kwenda fainali za dunia za vijana huko Williamsport, Pennsylvania, ikakwama kwa sababu viza zilikataliwa kutokana na utata wa nyaraka za umri. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi walifika, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2022 Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na kuwaingiza kwenye shamba lao. Vijana wa ngazi hiyo ndio wanaotajwa usiku kucha kwenye ligi ya jiko la moto, kama nyongeza ya kumfanya mwenzako akubali bei, na haki ya kukataa wanaipata wakishamaliza miaka kumi ligi kuu.