Masasi hadi Kilwa kwa siku tano: kabla ya kutafuta gari, angalia mwezi

Kila msimu wa malipo ya korosho ukifika, ujumbe wa aina moja huingia kwenye simu ya studio. Familia ya Masasi, Newala au Nachingwea imeweka akiba kidogo, inataka kuwapeleka watoto na bibi wakaione bahari, na inauliza ianzie wapi. Tumelijibu swali hili hewani kwa vipande vipande, dakika tatu leo, dakika nne wiki ijayo. Hapa tunaliandika lote ili ulihifadhi kwenye simu yako.

Wengi huanza kwa kuulizia bei ya gari. Sisi tunakushauri uanze na mwezi wa angani. Katika safari ya pwani ya kusini, kutoka Mtwara kupitia Lindi hadi Kilwa, kuna siku moja isiyo na mbadala: siku ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Mtwara utafika saa yoyote, Lindi utafika saa yoyote, lakini kuvuka na mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka minne kunategemea maji yako wapi. Msikilizaji mmoja wa Nachingwea alitusimulia kuwa familia yake ilifika Kilwa Masoko jioni, maji yamepwa na mwenye chombo amekwishafunga kazi. Gari walikuwa wamelikodi kwa siku tatu tu, na asubuhi yake ilibidi liwe njiani kurudi. Watoto walikiona kisiwa kwa mbali, wakarudi nyumbani.

Maji yanavyokwenda

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina huzidi mita tatu, na mkondo huwa na nguvu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Wavuvi huyaita maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupungua, mkondo hulegea, na sasa maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa mnamo saa kumi. Kwa familia yenye wazee na watoto, hizi ndizo siku za kuvuka. Asubuhi upepo kwa kawaida bado ni mdogo, maji yamejaa, chombo kinasogea karibu na nchi kavu, na bibi hashuki kwenye tope akiwa amekunja kanga hadi magotini.

Huhitaji programu ya simu kulijua hili. Anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari ana jibu: maji mafu huangukia karibu na tarehe 7 hadi 9, na tena karibu na tarehe 21 hadi 23 za mwezi mwandamo. Hayo ni makadirio, kwa hiyo siku mbili kabla mpigie simu mwenye chombo au mvuvi wa huko umuulize saa kamili. Yeye huishi kwa saa hizo.

Ukishaipata tarehe ya kuvuka, iite siku ya nne, kisha hesabu kurudi nyuma siku tatu. Hiyo ndiyo siku ya kuondoka nyumbani.

Mwezi gani wa mwaka

Hapa pana mvutano. Fedha ya korosho huanza kuingia mwishoni mwa mwaka, na likizo ndefu ya shule iko Desemba. Mvua zetu nazo huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara kuu ni ya lami na Desemba yenyewe mara nyingi haina shida kubwa, ila njia za pembeni huharibika na bahari haitabiriki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, na magari yalikwama huko kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usidhani kwamba mvua huisha Aprili kwa amri.

Maoni yetu ni likizo ya katikati ya mwaka, Juni. Nchi ni kavu na joto limepungua. Kasoro yake ni upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti na kuinua mawimbi kuanzia mchana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvuka asubuhi. Tatizo la fedha linatatulika kwa njia moja tu: fedha ya safari itengwe siku malipo yanapoingia, iwekwe kwenye akaunti au kwenye kibubu cha simu, na isichanganywe na ada wala pembejeo. Wanaosema watatoa kwenye kitakachobaki, tunawajua, hawajasafiri bado.

Gari na hesabu yake

Tuchukue Masasi kama mwanzo. Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200. Mtwara hadi Msimbati kwenda na kurudi ni kama 90. Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya 100. Lindi hadi Kilwa Masoko ni chini kidogo ya 200. Kutoka Kilwa kurudi Masasi moja kwa moja, weka 330. Jumla ni kilomita zinazozidi 900. Noah iliyojaa watu, ikienda kilomita 9 kwa lita, itahitaji lita 100 hivi. Ongeza 20 za tahadhari, zidisha kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, na hapo una namba halisi ya kuanzia. Malipo ya gari, posho ya dereva na malazi yake viandikwe mbali. Dereva naye anakula na kulala. Mkubaliane kabla, mbele ya watu wawili.

Familia mbili au tatu za ukoo mmoja zikichangia, gharama hushuka sana. Lakini msijaze gari kupita viti vyake kwa sababu ya udugu. Muone leseni ya dereva kama inamruhusu kubeba abiria, na bima ya gari kama bado ni hai. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, spidi ni 50, na askari wa barabarani wapo.

Anayekwenda kwa basi anaweza pia. Mabasi na Hiace zipo kati ya miji yote hii. Ongeza siku moja kwenye ratiba, na uiache Msimbati kama una watoto wadogo.

Siku tatu za mwanzo

Ondokeni Masasi alfajiri. Njia inapita Ndanda na Mtama hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, Mingoyo. Kushoto ni Lindi, kulia ni Mtwara. Shikeni kulia. Mchana mtakuwa Mikindani, kilomita kama 10 kabla ya Mtwara mjini.

Mikindani isipitwe. Ni mji mdogo wa kale kandokando ya ghuba, wenye milango ya kuchongwa na nyumba za mawe. Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 bado limesimama kwenye kilima. Ni kutoka ghuba hii ambapo mwaka 1866 David Livingstone aliianza safari yake ya mwisho kuelekea bara. Waelezeni watoto pia habari nyingine ya mji huu, kwamba watu waliletwa hapa wakiwa watumwa, na wengi wao walitoka bara, njia zile zile mlizopita asubuhi. Kama ni wiki ya maji mafu mtafika maji yakiwa yanapwa, ukingo wa ghuba una tope. Msivunjike moyo, picha nzuri mtazipata asubuhi mkitoka kulala.

Wa Nachingwea wana jambo lao la kuangalia mjini Mtwara. Bandari ile ilizaliwa na mradi wa karanga wa Waingereza uliotangazwa miaka ya 1940. Reli ilijengwa hadi Nachingwea, karanga hazikuota kama walivyotarajia, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Mzee aliyeiona treni ile akiwa mtoto ana la kusema mbele ya geti la bandari kuliko mtembeza wageni yeyote.

Siku ya pili ni ya Msimbati. Mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio. Ulizeni kiwango cha Watanzania na mdai risiti. Njia ina mchanga, dereva asijaribu kuliingiza gari dogo ufukweni ili watu waone kwamba anaweza. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita bahari hii, na aliye na bahati humwona akipumua kwa mbali.

Sasa watoto na maji, na hapa tunaomba usome polepole. Mtoto aliyekulia Masasi hajui kuogelea, na mara nyingi mzazi wake hajui pia. Bahari haifanani na bwawa la kijijini. Chini kunaweza kuwa na mchanga hatua kumi, hatua ya kumi na moja ikawa shimo. Waulizeni wenyeji ni sehemu ipi watoto wao huogelea, mkae hapo hapo. Waogeleeni maji yanapojaa. Yanapopwa kwenye mkondo huvuta kuelekea nje. Mtu mzima mmoja, ambaye hana simu mkononi, awahesabu watoto kwa zamu ya nusu saa, kisha ampokeze mwingine. Watoto wavae viatu vya plastiki vya kufunga kwa sababu ya mawe makali na miiba ya viumbe vya baharini. Wasishike wasichokijua, hata kama ni kizuri.

Siku ya tatu ni ya barabara. Ondokeni Mtwara mapema, mle mchana Lindi mkiitazama ghuba, na kama muda upo simameni ufukweni mtazame vyombo vikivusha watu kwenda Kitunda. Njiani wasimulieni watoto kuhusu Tendaguru, bara kidogo kutoka Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa. Mifupa hiyo iko Berlin hadi leo, na imesimamishwa juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Kisha endeleeni hadi Nangurukuru, mkate kulia kwenda Kilwa Masoko. Lengo ni kufika kabla ya jua kuzama.

Siku ya kuvuka

Kibali cha kutembelea magofu hupatikana Kilwa Masoko, na hulipiwa kabla ya kupanda chombo. Kiulizieni mara mfikapo, msisubiri asubuhi. Nendeni na muongoza wageni anayetambulika. Chombo kiwe na jaketi okozi kwa kila mtu, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Kama hazitoshi, vukeni kwa mafungu mawili. Nahodha akisema "karibu tu, hapa si mbali," mwambieni mtasubiri. Ni kweli si mbali, kama kilomita mbili, lakini maji ni maji.

Mtakachokiona huko kiliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na kuongezwa baadaye, na kuba zake nyingine bado zipo. Ngome ya Gereza iko karibu na mahali pa kushukia. Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, liko mbali kidogo kwa miguu, kwa hiyo bibi anaweza kupumzika kivulini wengine wakienda. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Watoto wabishane wenyewe njiani kurudi.

Kisiwa kina wakazi. Vaeni kwa staha, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama ni Ramadhani bebeni chakula cha watoto, maana migahawa mingi ya Lindi na Kilwa hufunga mchana.

Alasiri, mkiwa na nguvu, nendeni Kilwa Kivinje. Mji huu ulikuwa mwisho wa misafara ya pembe na watumwa kutoka bara, na baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Wajerumani waliwanyonga watu hapa, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Ukoo wako ukiwa wa kusini, kuna uwezekano mkubwa kwamba una jina lililoguswa na vita hivyo. Muulizeni mzee mliyesafiri naye.

Siku ya tano mnarudi kwa njia ya Nangurukuru na Mnazi Mmoja. Jazeni mafuta Kilwa, nunueni samaki mkavu asubuhi akiwa amefungwa vizuri, la sivyo gari zima litanuka hadi Masasi. Kabla ya kupanga tarehe, tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya kutuma salamu, uandike mwezi unaotaka kusafiri na idadi ya wazee na watoto. Saa za maji tutazisoma hewani.