Uzi Hauonekani Mpaka Mwanga Uupige Ubavuni

Wapiga picha hupenda kupeana mada ya mwezi, na mada ya uzi imewahadaa wengi. Mtu hukimbilia kwa fundi cherehani, akapiga picha nyuzi za rangi kumi zilizopangwa rafuni, akarudi nyumbani ameridhika. Rangi zipo, tena za kupendeza. Uzi haumo.

Kinachoufanya uzi uwe uzi ni msokoto. Unyoya mmoja wa kondoo ni mfupi na hauna nguvu ya kufunga hata mfuko wa sukari. Usokote pamoja na wenzake, na kila mmoja utaukaba wa jirani; kadiri unavyovuta, ndivyo unavyozidi kukaza. Basi picha ya uzi ni picha ya ile mistari ya mshazari inayouzunguka, nayo mwanga wa mbele huifuta. Taa ya simu ndiyo mbaya kuliko zote. Mistari hiyo inataka jua la pembeni, la saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni, ili kila pindo litupe kivuli chake.

Kwa somo hili Nakuru ina bahati. Ukishika barabara ya Mogotio utapita kandokando ya mashamba ya mkonge. Mmea huu ni mgeni kwetu, asili yake Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kenya iliupata baadaye. Kiwandani jani hukwanguliwa nyama yake yote na kubaki nyuzi, kama kilo 4 katika kila kilo 100 za majani, kisha nyuzi huanikwa juani juu ya waya. Ukiruhusiwa na meneja, simama upande ambao jua liko nyuma ya nyuzi. Zitang'aa vizuri mno, lakini usidhani umemaliza kazi: hazijasokotwa bado.

Msokoto kautafute kwa mama anayesuka kiondo. Huketi chini, miguu ameinyoosha, akalaza mafungu mawili membamba ya nyuzi juu ya paja. Kiganja kinasukuma mbele, na kila fungu linajisokota peke yake. Kiganja kinarudi nyuma, na mafungu yote mawili yanarukiana na kuwa kamba moja. Hila yote iko katika kule kurudi. Mafungu yanataka kufunguka upande mmoja, kamba inataka kufunguka upande wa pili, na kwa kuwa yanazuiana, hakuna kinachofunguka. Weka kasi ya kamera kwenye 1/30 ya sekunde: kiganja kitafifia kwa mwendo, na sehemu iliyokwisha kusokotwa, iliyotulia pembeni, itabaki kali. Umuulize mama kwanza kama anataka kupigwa picha, na ukija kuiuza picha hiyo, umkumbuke. Ninawajua wapiga picha wengi wanaosahau hilo.

Kule Njoro kazi ni ya sufu. Kenana Knitters, iliyoanza mwaka 1998, imewapa wanawake wa vijijini kazi ya kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kuifuma wanasesere. Sufu ina vinyweleo vinavyochomoza nje ya msokoto, kwa hiyo hapa mwanga wa nyuma una kazi: uzi unavaa ukingo mweupe, na mtazamaji anajua bila kuambiwa kwamba huu si wa pamba.

Njoro hiyohiyo, mwaka 1938, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pango la Mto Njoro na kukuta wafu waliochomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita, wamezikwa na bakuli za mawe, shanga na vitu vya kusukwa. Ususi wa kawaida ungeoza zamani sana. Huu moto uliugeuza makaa, na makaa hayaozi. Shanga nazo zimetobolewa, na tundu la ushanga halina maana pasipo uzi.

Ukitaka mfumaji asiyehitaji kuombwa ruhusa, mwangalie kwera mtini. Dume hung'ata ukingo wa jani la nyasi, kisha huruka na kuuchana utepe mrefu. Huushika kwa mguu kwenye kijitawi na kuupitisha juu na chini kwa mdomo mpaka atengeneze pete. Pete hiyo ndiyo msingi wa kiota. Utepe lazima uwe mbichi. Kiota kikikauka kabla jike hajakikubali, mara nyingi dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Katika miaka ya 1960 watafiti Nicholas na Elsie Collias walionyesha kwamba madume wachanga walionyimwa nyasi za kuchezea walishindwa kufuma walipopewa baadaye, kwa hiyo hata ndege huyu hufika kwa mazoezi. Kasi ya 1/1000 huenda isitoshe mdomo ukiwa kazini, ongeza.

Buibui ndiye anayevunja kanuni yangu. Hasokoti chochote. Uzi wake huanzia tumboni ukiwa majimaji ya protini na kuwa mgumu kwa kuvutwa, kwa hiyo usihangaike na vivuli. Tafuta umande, jua mbele yako na kichaka cheusi nyuma ya utando.

Na uzi muhimu kuliko wote Nakuru hauonekani kwa macho. Heroe wadogo wa ziwani hula kiumbe kiitwacho Arthrospira, ambacho chini ya hadubini ni uzi wa kijani uliojikunja kama springi. Mdomo wa heroe una vichujio vya kuukamata, na rangi ya waridi ya manyoya yake hutoka kwenye uzi huo. Nao uzi husitawi kwenye maji ya magadi. Tangu takribani mwaka 2010 ziwa limefura, magadi yakapungua ukali, uzi huo ukapungua nao, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mpiga picha anayesafiri kwa ajili ya bahari ya waridi aliyoiona kwenye kalenda ya zamani aulize hali ya Bogoria kwanza, kabla ya kulipa kiingilio cha Nakuru.