Probox na Muwa

"Mjomba, gari likikwaruzwa, linaumia?"

Swali hilo nimelipenda! Watu wazima gari likikwaruzwa hukasirika tu, wakamtafuta wa kumlaumu. Hawaulizi kitu. Wewe umeuliza. Basi sogea hapa, mpwa wangu, nikusimulie habari za Probox.

Hapo zamani, na si zamani sana, palikuwa na gari la Toyota, Probox mweusi. Kazi yake ilikuwa kubeba watu kutoka Rongo kwenda Homa Bay, kupitia Rodi Kopany. Watu mbele, watu nyuma, kuku chini ya kiti, omena kwenye buti. Alikuwa na maringo huyo! Akioshwa aling'aa mpaka wapita njia wakajitazama mlangoni mwake na kutengeneza kola za shati.

Siku moja akaitwa Awendo. Awendo ni nchi ya miwa. Barabarani akakuta trekta linavuta tela, tela limejaa pomoni, miwa imechomoza huku na huku. Probox akasema, "Nitapita." Muwa mmoja ukasema, "Pita, lakini utanikumbuka." Kwaruu! Kuanzia mlango wa mbele mpaka mlango wa nyuma.

"Nimekwisha!" Probox akalia. "Mimi mweusi, na sasa nina mstari mweupe!"

"Lakini mjomba, ule muwa haukuwa na rangi nyeupe. Weupe umetoka wapi?"

Unaona? Ndiyo maana napenda kukaa na wewe. Nitakujibu. Ila kwanza lazima tujue Probox amevaa nini.

Umewahi kumwona nyanya akijenga nyumba ya udongo? Kwanza kuna nguzo na fito. Halafu watu wanakandika udongo mzito. Halafu nyanya anasiriba kwa udongo laini, taratibu, kwa kiganja. Mwisho anaipamba kwa udongo wa rangi. Tabaka juu ya tabaka. Mvua ikinyesha inagonga tabaka la juu, na fito ndani ziko kavu, hazina habari. Taabu huanza siku ufa unapofika kwenye fito. Maji yanaingia. Mchwa nao wanapata mlango.

Gari ni hivyohivyo. Fito zake ni bati la chuma. Kiwandani bodi nzima huzamishwa kwenye birika kubwa la rangi iliyopitishwa umeme, ili rangi hiyo ya kwanza ishike kila pembe, hata mikunjo ya ndani ambako hakuna mkono unaofika. Hiyo ndiyo ya kuzuia kutu. Juu yake hupulizwa praima. Juu ya praima inakuja rangi yenyewe. Na juu kabisa kuna klia. Klia haina rangi. Kazi yake ni kung'aa, na kupigwa na jua na mvua kwa niaba ya wengine. Hapo tumempita nyanya, kwa sababu nyumba yake haina klia.

"Kwa hiyo nikigusa gari, sigusi rangi?"

Hugusi. Unagusa klia. Ila magari mengine, hasa meupe, hayakupewa klia. Rangi yenyewe ndiyo ya juu. Utajuaje? Lisugue kidogo kwa polishi na kitambaa. Kitambaa kikitoka na weupe wa gari, klia haipo.

Sasa chukua daftari lako. Shika ukurasa mmoja tu. Matabaka yote hayo ya rangi, ukiyaweka pamoja, unene wake ni kama milimita 0.1, yaani ukurasa huo mmoja. Na klia peke yake haifiki hata nusu yake.

"Mjomba... sisi tukitoka shule huandika NIOSHE kwa kidole kwenye vumbi la magari."

Najua. Nimeona mwandiko wako. Vumbi la barabara ya murram lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Kidole chako kinazisukuma, nazo zinakata. Vumbi likioshwa, NIOSHE inabaki. Asante kwa kuniambia mwenyewe.

Turudi kwa weupe. Klia ikiwa nyororo, mwanga huipenya, hufika kwenye rangi nyeusi, na jicho lako linaona weusi unaong'aa. Muwa ukichimba mfereji, kingo za mfereji zinakuwa zimeparuka. Mwanga ukizigonga hutawanyika kila upande, hauna mpango. Mwanga uliotawanyika hivyo jicho linauona mweupe. Muwa haukuacha rangi yoyote. Uliacha mparuzo, na mwanga ukapotea njia.

Hapo ndipo tunapata jaribio zuri sana, na halina gharama. Weka maji juu ya mkwaruzo. Maji yanajaza mfereji, mwanga unapita tena vizuri. Mstari ukitoweka ukiwa umelowa, basi mkwaruzo uko ndani ya klia tu. Ukibaki unaonekana, umeenda chini zaidi. Jaribio la pili ni ukucha. Upitishe polepole kukata mstari. Ukiteleza, mkwaruzo si wa kina. Ukinasa, ni wa kina. Kazi ya ukucha nakuachia wewe; wako ni mdogo na una subira.

Basi mimi na wewe tukamwagia Probox maji. Tukapitisha ukucha. Na tulichokiona! Mlango wa mbele, muwa uligusa kidogo tu, na maji yakaufuta mstari. Katikati uligandamiza, ukucha ukanasa, lakini chini bado palikuwa peusi. Mwisho wa mlango wa nyuma, pale muwa ulipovunjika kwa hasira, bati lilikuwa linatutazama. Mkwaruzo mmoja, vina vitatu. Kwa hiyo kazi nazo ni tatu.

"Tuanze na ule wa mbele, mjomba. Mwenzangu anasema wanapaka Colgate."

Mwenzako hajadanganya. Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, ndiyo maana inasafisha meno. Kwa mkwaruzo mwembamba mno inaweza kusaidia. Lakini haijazi kitu, na polishi ya gari hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Basi hivi ndivyo tulivyofanya. Tulimwosha Probox kwa maji mengi ya sabuni, maana ukisugua juu ya vumbi unaongeza mikwaruzo. Tulimweka kivulini. Tukachukua polishi kidogo na kitambaa laini kisichowahi kuanguka chini. Kikianguka, usikiokote, tafuta kingine. Tukasugua polepole mpaka kingo za mfereji zikalainika. Mstari ukaondoka.

Na mstari huo uliondoka kwa sababu tuliipunguza klia iliyouzunguka. Klia haioti tena. Ndiyo maana mkwaruzo usioonekana mpaka uinamishe shingo, mimi huuacha. Watu wengi humaliza klia wakipigana na mistari ambayo hakuna jirani aliyeiona.

Pale katikati palihitaji msasa. Msasa una namba nyuma, na namba hiyo inawachanganya hata wakubwa. Namba 80 ni mkali wa kukwangua. Namba 2000 ukiupapasa unakaribia ulaini wa karatasi.

"Mbona namba kubwa ndiyo laini?"

Kwa sababu namba ilianzia kwenye chekeche. Chekeche lenye matundu mengi katika inchi moja lina matundu madogo, nayo hupitisha chembe ndogo tu. Matundu mengi, chembe ndogo, msasa laini.

Kwa klia tunatumia 2000, na tunaulowesha. Msasa wa kulowesha una kisa chake. Zamani mafundi walisugua kavu, na rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo vumbi lenye sumu liliwaingia mapafuni. Mwaka 1921 kampuni ya Marekani, 3M, ilianza kuuza msasa usioharibika kwa maji, uliobuniwa na Francis Okie. Vumbi likawa tope, na tope halipeperuki.

Basi tone la sabuni kwenye maji, msasa ukafungwa kwenye kipande cha mpira kilichonyooka, mkono mwepesi. Mara chache tu, kisha unafuta na kutazama. Pale ukucha uliponasa hatukuuondoa mfereji wote. Tungekuwa tumefika kwenye rangi. Tulilainisha kingo, tukadondosha klia mle ndani kwa ncha ya kijiti cha meno, tukaiacha ikauke, tukapiga polishi. Ukijua pa kutazama utauona. Usipojua, umepita.

Mlango wa nyuma ulikuwa habari nyingine. Hapo fito ziko nje. Chuma, maji na hewa wakikutana, kutu inazaliwa. Bahati yetu Ziwa Victoria ni la maji baridi. Kule Mombasa chumvi ya bahari huiharakisha. Lakini hata kwetu, mvua za masika hazimsubiri mtu. Na kutu hutambaa chini ya rangi nzima, pande zote, hujui mpaka rangi ivimbe. Kwa hiyo kazi hii haingoji Krismasi.

Kabla ya yote tulitafuta namba ya rangi. Kila gari lina kibati au kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Duka la rangi za magari linahitaji namba hiyo. Ukienda ukasema "nyeusi" tu utarudi na nyeusi ya jirani. Hata ukiwa na namba, jua letu hapa karibu na ikweta limekwisha kuipausha rangi ya zamani, hivyo jaribu kwanza pahali pa siri.

Halafu tepu ya karatasi, pande zote za mkwaruzo. Tepu hiyo ni mdogo wake ule msasa! Kijana mmoja wa 3M, Richard Drew, alikuwa akipeleka msasa wa maji kwenye gereji za mji wa St. Paul ili ujaribiwe. Akawakuta mafundi wanapaka gari rangi mbili, wanalaani. Karatasi waliyoibandika kutenganisha rangi ilikuwa inang'oka na rangi mpya. Hakuna aliyemwuliza, lakini akaahidi kuwatengenezea kitu. Mwaka 1925 kikawa tayari: tepu inayoshika vya kutosha na kubanduka bila kudhuru. Alikuwa ametumwa msasa, akarudi na swali. Kama wewe.

Tulikwangua kutu mpaka bati likang'aa, tukafuta kwa thina. Hapo wewe ulikaa mbali, na ndivyo inavyopaswa: thina inashika moto upesi na harufu yake inalevya, kwa hiyo ni kazi ya mtu mzima, nje, mbali na jiko. Kisha praima, nyembamba. Ikakauka. Kisha rangi, nyembamba, ikakauka, tukarudia. Kisha klia. Nyanya hamwagi udongo wote mara moja, la sivyo unapasuka. Na sisi vilevile. Wala hatukupaka saa saba mchana, maana bati la gari Homa Bay saa hizo ni moto, na rangi hukauka juu kabla ya chini.

"Nikaambiwa nisiguse."

Ukaambiwa usiguse. Klia mpya tuliiacha wiki nzima kabla ya msasa wa 2000 na polishi. Na alama ya kidole iliyo pale chini sijauliza ni ya nani.

"Na bampa, mjomba? Lina mkwaruzo mkubwa kuliko yote! Ulitokana na mwiba, njia ya Macalder. Ukucha unazama kabisa!"

Umetazama vizuri. Sasa gonga bampa. Halafu gonga mlango. Umesikia? Bampa ni plastiki. Plastiki haipati kutu, hata lizame ziwani mwaka mzima. Na mabampa ya Probox wengi hayakupakwa rangi kabisa, ni plastiki nyeusi tupu kutoka kiwandani, weusi mmoja juu mpaka ndani. Hapo kopo la rangi hata usilifungue.